Orodha ya Mwaka 1979 na Mguu wa Pili wa Chipu

Ndugu na jamaa wa ukoo wetu, mliosafiri kutoka Pangani, Tanga na Dar es Salaam, nanyi mliokwisha kuweka makazi huku ughaibuni: wahariri wa kijitabu hiki wameniomba niandike historia ya mkutano wetu wa kwanza. Nimekubali kwa sharti moja, nalo ni kuruhusiwa kuandika habari za mashine zaidi kuliko habari za mkutano. Sababu yake mtaiona.

Mkutano ule ulifanyika mwezi wa Agosti 1979 katika Langley Park, jimbo la Maryland, maili chache tu kutoka mpaka wa mji wa Washington. Wanaopafahamu mahali hapo leo wanapajua kwa njia panda ya University Boulevard na New Hampshire Avenue, kwa majengo ya matofali mekundu yenye ghorofa chache, na kwa Kihispania kinachosikika katika kila duka. Wakati ule watu wa Afrika Mashariki tulikuwa wachache mno. Marehemu Ami alipanga hapo kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na Chuo Kikuu cha Maryland, alikosomea uhandisi wa umeme tangu mwaka 1973, kilikuwa karibu.

Wengi wenu mmesikia habari za orodha. Kwa vijana wasiozijua, nitazieleza kwa ufupi, bila kumwonea mtu. Babu yetu alikuwa na wake wawili. Ami, wa nyumba ya Bibi Mdogo, aliahidi kwamba siku ya mkutano atatoa orodha ya ukoo mzima iliyopigwa chapa na kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake. Karatasi zilipogawiwa, nyumba ya Bibi Mkubwa haikuwamo. Haikupunguzwa wala haikukosewa tahajia, bali haikuwamo kabisa. Nyumba ya Bibi Mdogo, kwa upande wake, ilichapwa mara mbili, na jina la kwanza kabisa juu ya karatasi lilikuwa la Ami mwenyewe. Nakala moja ilikuwa imekwisha kutumwa Pangani kwa posta. Baba yangu, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ya Bibi Mkubwa hapa Marekani, aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akatuchukua watoto wake tukaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2004 hakukanyaga tena mkutano wa ukoo.

Ami alisema neno moja tu: mashine imekosea. Hakuna aliyemwamini. Yafaa tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya shughuli za hesabu za Wizara ya Fedha zilizotiwa katika mashine kuvurugika, na zuio hilo halikulegezwa mpaka miaka ya 1980. Kwa wazee wetu, ngamizi, kama wataalamu wetu wa lugha walivyopendekeza kuiita kabla neno kompyuta halijashinda, ilikuwa tayari ni kisingizio cha karani aliyeharibu kazi. Ami alikuwa ameleta kisingizio kilekile mbele ya watu waliokwisha kukichoka.

Sasa niieleze mashine yenyewe. Mwezi wa Januari 1975 gazeti la Popular Electronics lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande na kampuni ya MITS ya Albuquerque kwa bei isiyofika dola 400, mnunuzi akijiunganishia mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kioo wala kibodi. Mtu alizungumza nayo kwa swichi zilizopangwa usoni, nayo ilimjibu kwa taa ndogo nyekundu. Ilibeba chipu ya Intel 8080 yenye miguu 40, na kumbukumbu ya baiti 256, ambayo haitoshi hata kuhifadhi aya hii. Hata hivyo ilizua wazimu mtamu nchi nzima, na punde wauzaji wengine wakaanza kutengeneza bodi zinazoingia katika njia yake ya nyaya 100. Ami hakuwa na fedha za kununua Altair. Alinunua bodi tupu moja moja, akazijaza chipu kwa kulehemu usiku baada ya kazi, akakata sanduku la bati yeye mwenyewe. Kuandikia alikuwa na Teletype kuukuu, yenye herufi kubwa tupu na kelele za cherehani kumi.

Kati ya chipu ile kubwa na kumbukumbu kulikuwa na kundi la chipu ndogo za mantiki. Hizi ni za jamii ya 7400, ambayo Texas Instruments iliitoa katikati ya miaka ya 1960, na kazi yake ni nyepesi kuieleza. Ndani ya 7400 yenyewe, kwa mfano, mna malango manne. Kila lango hupokea habari mbili na kutoa jibu moja, nalo jibu huwa sifuri pale tu habari zote mbili zinapokuwa moja. Volti chini ya 0.8 huhesabiwa sifuri. Volti kuanzia 2 kwenda juu huhesabiwa moja. Kwa mwenye subira, malango ya namna hiyo peke yake yanatosha kuunda kompyuta nzima. (Niongeze kwa kupita kwamba ufundi wa kuchora vipande hivi kwa mwanga, ambao bila huo pasingekuwa na chipu, ulianzishwa na Jay Lathrop na James Nall mwaka 1957 katika maabara ya jeshi mjini Washington, ambayo baadaye ilihamia Adelphi, jirani kabisa na Langley Park. Ami alipenda kutuonyesha uzio wake tulipopita kwa gari.)

Kwa ajili ya orodha, Ami aliongeza bodi ya pili ya kumbukumbu yenye baiti 4096. Majina ya ukoo yalikuwa 128, naye alilitengea kila jina nafasi 32. Zidisheni wenyewe mtaona kwamba bodi ilijaa sawasawa bila kubaki hata herufi. Nyumba ya Bibi Mkubwa, yenye watu 61, iliingizwa kwanza, kama heshima inavyotaka. Kisha zikafuata 67 za nyumba ya Bibi Mdogo. Haya nayasema kwa kuwa daftari lake lipo, na mpangilio huo umeandikwa humo kwa mkono wake.

Lakini daftari si ushahidi kwa mtu aliyekasirika. Hata mimi nililiona miaka mingi iliyopita, nikasema moyoni kwamba laweza kuwa liliandikwa baada ya fedheha.

Mwaka 2022, miaka kumi na moja baada ya Ami kufariki, mjukuu wake wa kike, ambaye ni fundi wa elektroniki, aliitoa mashine katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yake. Alinipigia simu akaniambia, “Babu, njoo ushuhudie, kwa sababu wewe ni wa nyumba ya pili.” Nilikwenda.

Kwanza alinikatisha tamaa, kwa kuwa siku nzima hakuiwasha. Alieleza kwamba kapasita za zamani hukauka, na kwamba 8080 inahitaji volti za namna tatu, yaani 5, 12 na 5 hasi. Ile hasi ikikosekana nyingine zikiwapo, chipu huweza kuungua. Alizitoa bodi zote, akaupandisha umeme pole pole, akapima, akabadilisha kapasita mbili, akapima tena. Siku ya pili ndipo taa nyekundu zilipowaka, mara ya kwanza tangu mwaka 1980.

Aliniketisha mbele ya swichi. Alinielekeza niweke namba 5 katika anwani ya 4096, ambayo ni mwanzo wa bodi ya pili. Nikaweka, nikaisoma, ikawa 5. Kisha akaniambia niende anwani ya 6144, katikati ya bodi, niweke 9. Nikaweka. “Sasa rudi 4096.” Nikarudi, na taa zikaonyesha 9.

Nilidhani nimekosea swichi. Tulirudia mara nne. Kila nilichoandika katika nusu ya pili ya bodi kilifuta kilichokuwa katika nusu ya kwanza, kwa sababu, kwa kweli, nusu ya kwanza haikuwapo. Anwani mbili zilikuwa zikifungua mlango wa ghala moja.

Hapo ndipo nilipoomba ile karatasi, nikaitazama upya. Ikiwa nusu ya kwanza ilifutwa, basi majina 64 yalipotea: yale 61 ya kwetu, na matatu ya mwanzo ya upande wa pili. Nikahesabu. Bibi Mdogo mwenyewe hakuwamo katika karatasi, wala wanawe wawili wa kwanza. Ami alikuwa mtoto wake wa tatu, wa 65 katika mpangilio, na ndiyo maana jina lake lilitangulia. Kwa miaka 43 tuliisoma karatasi ile kwa hasira, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba kijana anayedaiwa kuwafuta wakubwa wake alikuwa amemfuta mama yake mzazi.

Ilibaki kujua kwa nini. Mimi nilidhani kumbukumbu zimekufa. Fundi wetu alicheka kwa adabu. Bodi ile ina chipu 32 za kumbukumbu, katika safu nne za nane nane. Alisema chipu 16 hazifi usiku mmoja kwa mpango uliokaa vizuri namna hiyo, na kosa lenye mpango hutafutwa kwa anayepanga. Anayepanga ni chipu moja ya mantiki, 74LS138, yenye miguu 16. Hiyo hupokea nyaya za anwani na kuchagua safu ipi iamke. Mguu wake wa kwanza hupokea waya wa anwani uitwao A10, wa pili hupokea A11. Mguu wa pili ukisoma moja daima, safu mbili za kwanza haziitwi kamwe.

Alipima chini ya bodi, penye risasi ya soketi. A11 ilikuwa inafika bila kasoro. Katika daftari la Ami, chini ya tarehe ya wiki moja baada ya mkutano, kuna maneno hayohayo: “A11 inafika.” Kurasa zinazofuata zimejaa majaribio ya chipu za kumbukumbu, moja baada ya nyingine, zikihamishwa kutoka safu hadi safu, na kila moja imeandikiwa “nzima.” Alikuwa amepima pale tulipopima, akaridhika, akaenda kutafuta kwingine.

Mjukuu wake hakuridhika. Aligeuza bodi, akagusa kwa kalamu ya kupimia si soketi bali bega la mguu wenyewe, pale unapotoka ubavuni mwa chipu. Kalamu ile ina taa mbili, moja ya sifuri na nyingine ya moja. Hakuna iliyowaka. Mguu usioshikamana na kitu chochote huelea katikati, na chipu za jamii hii huuhesabu mguu unaoelea kuwa ni moja. Aliinyanyua chipu taratibu kutoka katika soketi, akaigeuza kiganjani mwake. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika chini ya tumbo la chipu, umelala bapa, haujapata kuingia katika tundu lake tangu siku ilipobanwa pale. Kwa juu usingeweza kuuona.

Nilimwuliza kwa nini Ami hakugundua kabla ya mkutano, maana daftari linaonyesha kwamba aliijaribu bodi usiku mzima nayo ikafaulu. Alinionyesha programu ya majaribio. Iliandika namba katika anwani moja, ikaisoma papo hapo, kisha ikaenda anwani inayofuata. Kwa jaribio la namna hiyo ghala moja lenye milango miwili linaonekana kuwa maghala mawili. Ilipasa kuandika kote kwanza, ndipo kurudi kusoma. Ni kosa la mwanafunzi, alisema, na alilisema bila kumtetea babu yake.

Hatukuunyoosha mguu ule siku hiyo. Tulisubiri wazee watatu wa nyumba ya Bibi Mkubwa waje Maryland kuuona kwa macho yao, na mmoja wao alikaa na chipu ile mkononi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Ulipojaribiwa kunyooshwa ulivunjika, ikabidi kutiwa chipu mpya. Kumbukumbu 16 ambazo hazikupata kuitwa hata siku moja tangu 1979 ziliamka zote, na zote zilikuwa nzima. Teletype imekwisha kuharibika, kwa hiyo tulitumia kompyuta ya siku hizi kama karatasi, tukaingiza majina upya kutoka katika daftari, kwa mpangilio wa Ami, mimi nikisoma na mjukuu wake akiandika.

Orodha hiyo imechapwa katika ukurasa unaofuata, kama mashine ilivyoitoa, herufi kubwa tupu. Bibi Mkubwa ni wa kwanza. Baba yangu ni wa 2. Bibi Mdogo ni wa 62, na Ami ni wa 65.