Kabla ya Misikiti ya Mawe

Anayeupima umri wa Uislamu mwambao wa Mwanza kwa majengo atakosea. Mji huu ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, lakini mpelelezi Stanley alipofika Kageyi, kijiji cha mwambao huo, mwaka 1875 alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Sungoro, ameshaweka makazi. Na ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa ameanza kufunga Ramadhani tangu 1867. Yupo atakayesema wafanyabiashara hao walifuata pembe za ndovu na watumwa, si dini. Ni kweli, na biashara ya watumwa haina utetezi. Lakini imani ilisafiri katika misafara hiyohiyo. Kisiwani Java nako imani hiyo ilipita njia za biashara, na Msikiti wa Demak wa huko, wa karne ya 15, uliojengwa kwa mbao, umedumu kwa sababu vizazi viliukarabati. Nyumba za miti na nyasi za Kageyi zilihitaji uangalizi uleule.