Kura ya Siri na Dhamiri ya Mtu

Msomaji, mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na mji wa Garsen uko pale delta yake inapoanza. Wapokomo hulima kandokando ya maji. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao kunywa wakati wa kiangazi. Mahali kama hapo kila mtu hujulikana kwa ukoo wake, na wazee wakiisha kukata shauri, si rahisi kijana kunena neno jingine. Basi mpiga kura akiwa peke yake, humtii nani?

Zamani huko Uingereza watu walipiga kura hadharani, na mwenye shamba aliweza kumfukuza mpangaji aliyemchagua mtu asiyempenda yeye. Makoloni ya Australia yalianza kutumia kura ya siri mwaka 1856. Uingereza ikafuata mwaka 1872.

Kenya nayo ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, chama pekee wakati huo, watu walipanga mlolongo nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kushinda. Hebu fikiri: mwajiri wako, chifu wako na shemeji yako, wote wanatazama umesimama wapi! Tena watu wakiisha kutawanyika, hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya. Mlolongo ukaachwa, na uchaguzi wa Desemba 1992 ukafanywa kwa siri. Katiba ya 2010 yaamuru vivyo hivyo.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya delta ya Tana. Tarehe 4 Machi 2013 ikawa siku ya uchaguzi. Nje ya kibanda, mtu alikuwa wa kabila fulani, mwenye wafu wake wa kuwalilia. Ndani, alikuwa peke yake na karatasi zake sita.

Usidhani, msomaji, kwamba siri humfanya mtu kuwa mwema. Chuki nayo huweza kuingia kibandani. Lakini siri humwondolea mtu udhuru: hawezi tena kusema, "Nililazimishwa." Utakapotimiza miaka 18, nawe utasimama hapo, na shahidi wako atakuwa dhamiri yako.