Udongo wa Juu

Mkulima wa Dirma, katika Hanang, akiambiwa kwamba wapo wakulima waliokwanguliwa udongo wa juu wa mashamba yao kwa makusudi, hatasadiki. Lakini ndivyo ilivyokuwa Fukushima, nchini Japani, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia ya Machi 2011. Seziamu iliyoanguka ilishikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi, na nyingi ikabaki katika sentimita 5 za juu. Tabaka hilo likaondolewa, mahali pake pakatiwa mchanga wa milimani. Sumu ilipungua sana; rutuba nayo ikaenda zake, hata ikabidi kutia mboji na samadi upya.

Dawa hiyo ya Japani ndiyo hasa maradhi ya Mbulu. Huku mvua ilikwangua bila kutumwa. Katika Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, miaka ya 1950, Waingereza walifyeka vichaka vya mbung'o ili watu wapate kuhamia, wakaamuru ng'ombe wapunguzwe. Kwa maoni yangu walihesabu sana ng'ombe, wakaisahau samadi. Wairaqw wa milimani walikuwa wakilaza ng'ombe nyumbani, wakichukua samadi hadi shambani, na waliozidi wakiwakabidhi jamaa wa nchi tambarare.

Kondoa, jirani ya Hanang, mwaka 1979 mifugo iliondolewa yote katika eneo lililomomonyoka. Majani yakarudi, samadi ikaondoka. Baadaye ng'ombe wachache waliruhusiwa, mradi wafungwe zizini na kukatiwa majani.