Chuma Hutanuka Kabla ya Kulegea: Historia ya Kompyuta na Moto wa Majengo

Mwezi Juni mwaka 2025 ilitimia miaka 35 tangu moto uzuke katika eneo la Broadgate jijini London, usiku wa tarehe 23 Juni 1990, ndani ya jengo la ghorofa 14 lililokuwa bado mikononi mwa mafundi. Tukio hilo halikukaa sana katika kumbukumbu za umma, ila wahandisi wa usalama wa moto hulirejea kila wanapoeleza jinsi uigaji wa kompyuta ulivyopata heshima, yaani ufundi wa kulijenga jengo kwa hesabu ndani ya mashine, kulichoma humo humo, na kutazama ni kiungo kipi kitakachoshindwa kwanza. Programu za namna hiyo zilikuwapo tangu mwaka 1974, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilipotoa zile zilizoitwa FIRES. Kilichokosekana ni moto mkubwa wa kweli wa kuzipima.

Kabla ya hapo hakimu alikuwa tanuri. Boriti moja au nguzo moja iliwekwa ndani yake na kupashwa joto kwa ratiba isiyobadilika, ambayo katika kanuni ya kimataifa ya ISO 834 hufika nyuzijoto 842 baada ya dakika 30 na 945 baada ya saa moja, kisha kiungo hicho kikapewa alama kwa dakika kilizostahimili. Katika mazoea hayo chuma kisichokingwa kilihesabiwa kuwa hakifai tena kinapokaribia nyuzijoto 550, kwa kuwa nguvu zake huwa zimepungua sana. Mwaka 1958 Kawagoe wa Japani alionyesha kwamba ukali wa moto wa chumbani hutegemea ukubwa wa madirisha, na Waswidi wakaendeleza hesabu hizo miaka ya 1970. Hata hivyo boriti iliendelea kuhukumiwa peke yake, kana kwamba haikushikamana na sakafu wala na boriti jirani.

Moto wa Broadgate uliivunja dhana hiyo. Uliwaka kwa zaidi ya saa nne, joto likapita nyuzi 1,000 mahali fulani, na kwa kuwa ujenzi haukukamilika, sehemu kubwa ya chuma haikuwa imepakwa kinga wala mfumo wa kunyunyizia maji haukuwa ukifanya kazi. Boriti zilipinda na baadhi ya nguzo zikafupika, lakini jengo halikuanguka, na ukarabati wa fremu na sakafu ulichukua takriban siku 30 tu. Hesabu za tanuri hazikuwa na jibu.

Jibu lilitafutwa Cardington, katika kaunti ya Bedfordshire, ndani ya banda kubwa lililojengwa kwa ajili ya meli za angani za gesi, ambamo Taasisi ya Utafiti wa Majengo ya Uingereza ilisimamisha jengo kamili la ofisi lenye ghorofa nane na urefu wa mita 33. Taasisi hiyo na kampuni ya British Steel zililichoma mara kadhaa katika miaka ya 1995 na 1996. Katika jaribio moja nguzo zilikingwa karibu urefu wake wote, isipokuwa kipande cha juu kinapokutana na boriti, na kipande hicho kikabonyea kwa takriban milimita 180, sakafu za juu yake zikishuka pamoja nacho. Katika jaribio jingine ofisi ilijazwa samani za kawaida ikawashwa moto. Boriti zisizokingwa zilipita nyuzijoto 1,100, mara mbili ya kikomo cha vitabuni, na sakafu ikalegea zaidi ya nusu mita, lakini haikuporomoka. Zege na wavu wa nondo uliomo ndani yake vilikuwa vimeubeba mzigo mithili ya kitanda cha kamba.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyoifundisha kompyuta. Kundi la Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakiwamo Michael Rotter na Asif Usmani, lililigawa jengo la Cardington katika maelfu ya vipande vidogo vya kihesabu, kila kimoja kikiwa na joto, urefu na nguvu zake vinavyobadilika kadiri moto unavyoendelea, kikimwachia jirani mzigo kinaposhindwa. Ripoti yao ya mwaka 2000, ambayo makala haya yanaifuata kwa sehemu kubwa, ilitilia mkazo jambo ambalo tanuri halingeweza kulionyesha: kutanuka kwa chuma kilichobanwa na viungo vingine hutawala mwenendo wa jengo kuliko kupungua kwa nguvu zake. Boriti ya mita 10 ikiongezewa nyuzijoto 500 hurefuka kwa takriban milimita 70, na urefu huo lazima uende mahali fulani. Mara nyingi boriti hupinda chini na kuiokoa sakafu, lakini mara nyingine husukuma.

Kusukuma huko ndiko kulikozua ugomvi mkubwa kuliko wote katika taaluma hii. Jengo namba 7 la World Trade Center huko New York, lenye ghorofa 47, halikugongwa na ndege, lakini liliporomoka jioni ya tarehe 11 Septemba 2001 baada ya kuungua karibu saa saba bila maji ya kuuzima moto. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitangaza mwaka 2008 kwamba, kwa mujibu wa uigaji wake, boriti za upande wa mashariki zilitanuka na kuisukuma boriti kuu hadi ikatoka kwenye kikalio chake katika nguzo namba 79, na kwamba madhara hayo yalitokea zaidi chuma kikiwa chini ya nyuzijoto 400. Rasimu ya Agosti ilidai kuwa ghorofa 18 za juu zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40 kushuka kuliko kitu kinachoanguka bila kizuizi. Mwalimu wa fizikia, David Chandler, alipima picha za video na kuipinga hadharani, na ripoti ya mwisho ya Novemba ikakiri kwamba kwa sekunde 2.25 jengo lilianguka bila kizuizi chochote.

Kukiri huko kulikuwa kwa heshima, lakini hatua iliyofuata haikuwa hivyo. Mwaka 2009 NIST ilikataa kutoa sehemu ya data za modeli yake kwa hoja ya usalama wa umma, na uigaji usioweza kurudiwa na mwingine ukageuka suala la imani. Wataalamu wa kesi ya bima iliyohusu jengo hilo walikubali kuwa moto ndio chanzo, ila wakatofautiana na NIST kuhusu namna kuporomoka kulivyoanza. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kilikana kabisa kwamba moto ulihusika, katika utafiti uliogharamiwa na kikundi kilichokwisha kuamini hivyo tangu awali. Kelele za sekunde zilifunika funzo ambalo Edinburgh ilikuwa imeliandika miaka minane kabla ya ripoti ya NIST.

Tangu wakati huo programu kama SAFIR ya Liège na Vulcan ya Sheffield zimeenea, na kanuni za Ulaya zinaruhusu hesabu za namna hiyo badala ya tanuri, ilhali majaribio makubwa yamekuwa machache na modeli nyingi bado hupimwa kwa moto ule ule wa miaka ya 1990. Jaribio la mwisho la jengo la Cardington lilifanyika Januari 2003. Mwaka uliofuata banda lilitumika kupigia filamu ya Batman Begins, na limebaki kuwa studio. Kwa taaluma inayowaomba wenye mamlaka ya ujenzi waiamini kompyuta, kuyaacha majaribio makubwa namna hiyo ni uzembe.