Abiria wa Voi na Haki ya Fidia: Safari Ndefu Tangu 1897

Wakazi wengi wa kaunti ya Taita Taveta hawaijui tarehe 12 Agosti 1897, na bado ndiyo inayoongoza kesi zao mahakamani. Sheria ya Mahakama ya Kenya inasema kwamba pale ambapo sheria zetu wenyewe zimenyamaza, hakimu atafuata kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo. Miezi michache baadaye reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Voi. Treni na sheria ya kumdai mwenye treni viliingia nchini kwa wakati mmoja, ingawa havikumfikia mwananchi kwa wakati mmoja.

Kabla ya hapo, misafara ya pwani ilivuka nyika ya Taru kwa kiu kali ndipo ikapata maji na chakula kwenye vilima vya Taita. Mpagazi aliyevunjika mguu Taru hakuwa na wa kumdai. Uhai wake ulitegemea huruma ya wenzake na ya wenyeji.

Reli ilibadilisha mwendo wa safari, lakini uhai wa binadamu haukupanda thamani. Takriban vibarua 2,500 kutoka India walikufa katika ujenzi hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Kati ya Machi na Desemba 1898 simba wawili waliwawinda wafanyakazi wa daraja la Tsavo, na kisa chao kikaenea duniani kote. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba mwingine aliingia ndani ya behewa na kumburura nje afisa wa polisi Charles Ryall. Dunia iliwakumbuka simba, na wajane wa vibarua wakasahauliwa.

Huko Uingereza reli zilikuwa zimekwisha kuibua swali zito: nani atamlipa mjane wa abiria? Kwa kanuni za kale, madai ya mtu yalizikwa pamoja naye. Aliyemjeruhi mtu aliweza kudaiwa fidia, ila aliyemuua hakudaiwa chochote. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza liliondoa dhuluma hiyo kwa kuwaruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu kudai fidia. Mzizi huo ndio uliozaa Sheria ya Ajali za Vifo ya Kenya, Sura ya 32, inayotumiwa leo na familia zinazofika mahakamani Voi, Wundanyi na Taveta.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Voi ikawa njia panda. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilianza kujenga reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau kuelekea Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Wajerumani huko Kahe, karibu na Moshi. Maelfu ya Waafrika waliolazimishwa kubeba mizigo ya jeshi hawakurudi, na familia nyingi hazikupata hata mishahara ya marehemu wao. Sheria ilikuwepo, lakini mwenye kuifikia alikuwa Mzungu, au tajiri, au mkazi wa jirani na mahakama.

Kisha zikaja zama za magari. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya bima ya lazima, ambayo leo ni Sura ya 405. Wazo lake lilikuwa zuri: dereva maskini asimwache majeruhi mikono mitupu, bali kampuni ya bima ilipe hukumu ya mahakama. Lakini sheria hiyo ina tundu ambalo kila mkazi wa kaunti hii anapaswa kulijua. Inamlinda abiria wa gari linalobeba watu kwa nauli. Aliyepewa lifti juu ya shehena ya lori hayumo katika bima hiyo ya lazima. Kuanzia mashamba ya mkonge ya Mwatate hadi masoko ya ndizi ya Taveta, watu hudandia malori kwa sababu matatu zimejaa au nauli imepanda. Lori likipinduka, wanaweza kumshtaki mwenye lori, lakini nyuma yake huenda pasiwe na kampuni ya bima ya kulipa.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zilizotakiwa awali, na usafiri ukapanuka haraka kuliko usalama. Kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika mwaka 2004, zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo. Mwaka 2006 sheria ya bima ikarekebishwa, na kiwango ambacho kampuni inalazimika kumlipa mdai mmoja kikawekewa ukomo wa shilingi milioni tatu. Katika miaka hiyohiyo kampuni zilizobeba sehemu kubwa ya bima za matatu zilianza kuanguka: United Insurance mwaka 2005, Invesco ikawekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2008, Blue Shield mwaka 2011. Majeruhi waliokuwa wameshinda kesi walibaki na karatasi ya hukumu mkononi, huku amri za kusimamisha malipo zikiwafungia mlango. Mtu aliyekatwa mguu hawezi kuishi kwa karatasi.

Reli nayo ilikuwa na misiba yake. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya Nairobi kwenda Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya baada ya mafuriko kubomoa daraja, na zaidi ya watu 100 wakafa. Machi 1999 treni nyingine ya abiria ilipinduka eneo la Tsavo, ikaua zaidi ya watu 30. Hapa ndipo sheria inapomtendea abiria kwa ubaguzi. Aliyejeruhiwa ndani ya basi ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Aliyejeruhiwa ndani ya treni anabanwa na kifungu cha 87 cha Sheria ya Shirika la Reli: atoe notisi ya maandishi, asubiri mwezi mmoja, kisha awe amefungua kesi kabla ya miezi 12 kwisha. Barabara na reli zinakwenda sambamba kutoka Maungu hadi Mtito Andei. Mfupa uliovunjika ni uleule, lakini saa ya sheria inakimbia mara tatu zaidi kwa abiria wa treni.

Anayesafiri baharini ana kalenda nyingine kabisa. Mkataba wa Athens wa 1974, unaohusu abiria wa meli za kimataifa, unaweka miaka miwili ya kufungua kesi. Kampuni nyingi za meli za watalii huandika kwenye tikiti mwaka mmoja tu, na huchagua zenyewe mji wa kushtakiwa. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanamke wa jimbo la Washington aliyeteleza na kuanguka ndani ya meli: tikiti ilitaja mahakama za Florida, upande wa pili wa nchi, na mahakama ikasema sharti hilo linamfunga. Jambo hili haliko mbali na Voi. Watalii wanaoshuka melini Mombasa hupakiwa kwenye magari na kuletwa Tsavo. Wakipata ajali Maungu, kampuni ya meli huelekeza kidole kwa mwenye gari, na majeruhi hujikuta kati ya sheria mbili. Nasi pwani tuna kidonda chetu: tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafa, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakienda kutafuta riziki.

Tangu 2017 treni mpya inasimama Voi na Miasenyi, na mabasi yanaendelea kupishana usiku na malori mazito barabarani. Majeruhi wanaopelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, mara nyingi huwa hawajapata hata kitanda, na tayari madalali wa kesi wamewafikia na fomu za kutia saini. Wengine huikataa haki yao wenyewe kwa kusema ajali haina kinga. Methali hiyo inafariji msibani, lakini haipaswi kutawala mahakamani. Dereva aliyesinzia, tairi lililochakaa na daraja lisilokaguliwa si majaliwa. Zaidi ya karne moja na nusu ya sheria imejengwa juu ya msingi kwamba uzembe una mwenyewe.

Kuna dalili njema. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema sharti la kuipa serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki linakiuka kifungu cha 48 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuifikia mahakama. Sheria ya Mahakama za Madai Madogo ya 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Bunge likamilishe kazi hiyo. Abiria wa treni apewe miaka mitatu kama abiria wa basi, na kampuni ya bima isiruhusiwe kukusanya ada za matatu bila akiba ya kuwalipa majeruhi.

Wewe msafiri, tunza tikiti au risiti ya nauli. Andika namba ya gari. Ripoti ajali polisi, uchukue hati ya kuithibitisha, ujaziwe fomu ya polisi ya kueleza majeraha, iitwayo P3, na uhifadhi kila karatasi ya hospitali. Usitie saini karatasi ya dalali ukiwa kitandani. Mtafute wakili mwenyewe, tena mapema. Ikiwa uliumia ndani ya treni, hesabu miezi 12 kuanzia siku ya ajali, wala usingoje kidonda kipone ndipo uanze kuhesabu.