Kupiga Hesabu ni Rahisi, Kutoa Hesabu Ndiyo Kazi

Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliyemaliza KCSE alinipigia simu. Anachagua kozi. Alama zake zinatosha uhasibu, lakini kuna kitu kinamsumbua. "Cuzo, si kompyuta ndiyo itafanya hiyo kazi? Usome miaka minne halafu ushindwe na programu ya simu?" Mimi niko mwaka wa tatu kwa hiyo kozi na manze, sikuwa na jibu. Nilicheka nikamwambia nitampigia.

Ukweli ni kwamba hilo swali nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Sikuota kuwa mhasibu. Niliomba kozi nyingine, nikaletewa hii. Muhula wa kwanza lekchara alisimama mbele akasema debiti ni kushoto, krediti ni kulia, karirini. Nikakariri, nikapita mtihani, nikasahau. Hakuna aliyetuambia nani aliamua iwe hivyo, wala alikuwa anaogopa nini. Kwa hivyo safari hii, kabla ya kumpigia binamu, nimetafuta historia yenyewe. Na imenibadilisha kidogo.

Tuanze mbali. Uruk, kusini mwa nchi ambayo leo tunaiita Iraq, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Vibao vya udongo vilivyopatikana pale ni kati ya maandishi ya kale zaidi duniani, na vingi si mashairi wala hadithi za wafalme. Ni rekodi. Shayiri kiasi hiki, kondoo wangapi, mgao wa wafanyakazi. Ukifikiria utaona kwa nini. Ghala ni la wengi, anayeshika mlango ni mmoja. Siku moja ataulizwa, na kichwa chake peke yake hakitoshi kuwa shahidi.

Sasa ruka hadi Venice, Italia, mwaka 1494. Mtawa mmoja wa Kifransisko anayeitwa Luca Pacioli, mwalimu wa hisabati, anachapisha kitabu kinene kuhusu hesabu na jiometri. Ndani yake kuna sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa Venice wanavyoandika vitabu vyao. Watu humwita baba wa uhasibu, lakini yeye hakuuvumbua. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wameutumia miaka mingi kabla yake. Daftari za serikali ya mji wa Genoa za mwaka 1340 tayari zilikuwa na mtindo huo. Alichofanya Pacioli ni kuuandika vizuri, wakati mashine za kuchapisha ndiyo zimeanza kusambaa Ulaya, ukafika kwa kila mtu.

Mtindo wenyewe ni huu. Mama mboga anaenda Marikiti asubuhi na kununua nyanya za 2,000. Sisi wengine tungeandika "nimetumia 2,000" tukaendelea na maisha. Wale watu wa Venice waliandika mara mbili: nyanya zimeingia 2,000, pesa taslimu zimetoka 2,000. Jioni akimkopesha jirani nyanya za 300, anaandika tena mara mbili: kuna mauzo ya 300, na kuna jirani anayedaiwa 300. Kila kitu kilichoingia kimetoka mahali. Ukijumlisha kushoto na kulia, lazima zilingane. Zisipolingana, kuna kosa, na mtu yeyote anayejua mtindo anaweza kuketi na kulitafuta hata kama mwenye daftari hayupo.

Hapo kwa "hata kama mwenye daftari hayupo" ndipo nilisimama. Pacioli alieleza vitabu vitatu: kimoja cha kuandika kila tukio la siku, cha pili cha kulipanga kwa utaratibu, cha tatu ni leja. Tena alitaka vitabu vipelekwe kwa maafisa wa biashara wavitambue rasmi, ndiyo baadaye visikataliwe. Kwa maneno mengine, daftari halikuwa siri ya mwenye duka. Lilikuwa ushahidi unaomngoja mtu mwingine. Hata neno krediti linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuamini. Miaka mitatu nimekuwa nikiandika hilo neno na sikujua.

Na sisi Waswahili tuna kitu kizuri hapa. Hesabu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na uhasibu na mhasibu ni ndugu zake. Lakini lugha yetu ina vitu viwili tofauti vya kufanya na hesabu. Kuna kupiga hesabu, ile ya kujumlisha na kutoa. Halafu kuna kutoa hesabu, ile ya kusimama mbele ya watu na kueleza ulichokabidhiwa kilienda wapi. Nyanya anaposema siku moja kila mtu atatoa hesabu yake, hazungumzii kikokotoo.

Karne ya 19 hiyo kutoa hesabu ikawa kazi ya watu waliosomea. Biashara zilikuwa zimekua. Mwenye pesa hakuwa tena yule anayekaa dukani. Ulikuwa unanunua hisa za kampuni ambayo hujawahi kuona mlango wake. Uskoti, wahasibu wa Edinburgh walipewa hati ya kifalme mwaka 1854 na kuwa chama rasmi. Lakini chama peke yake hakikuzuia balaa. Oktoba 1878, City of Glasgow Bank ilianguka. Ikagunduliwa wakurugenzi walikuwa wamepika vitabu, na wakafungwa jela. Ubaya ni kwamba sheria ya hiyo benki iliruhusu wenye hisa kudaiwa hadi kila kitu walichokuwa nacho, si pesa walizoweka tu. Watu wengi wa kawaida wakafilisika. Mwaka uliofuata, 1879, Uingereza ikapitisha sheria ya kulazimisha benki zinazosajiliwa kwa dhima yenye kikomo zikaguliwe hesabu kila mwaka. Sheria nyingi tunazosoma darasani zilizaliwa hivyo: kwanza watu wanalia, halafu kifungu kinaandikwa.

Huku kwetu, KASNEB ilianzishwa 1969, miaka sita tu baada ya uhuru, ili mitihani ya uhasibu ifanyiwe hapa nyumbani. ICPAK, taasisi ya wahasibu wenyewe, ikafuata 1978. Ndiyo maana binamu yangu afahamu mapema: digrii peke yake haikufanyi CPA. Bado kuna ile mitihani, na komredi wengi huifanya sambamba na chuo.

Lakini hadithi ya Kenya ambayo ningeomba ifundishwe wiki ya kwanza ya kozi hii ni ya David Munyakei. Miaka ya mapema ya tisini alikuwa karani kijana pale Benki Kuu. Kampuni ya Goldenberg ilikuwa inalipwa na serikali mabilioni ya fidia kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya yenyewe dhahabu ni kidogo, almasi ndiyo hata usiulize. Makaratasi yalipita mezani kwake. Akaona hayaleti maana. Nakala zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 kashfa ikafika Bungeni. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, akaachiliwa, lakini kazi ikaenda. Alikufa 2006 akiwa maskini.

Hakuwa bosi. Alikuwa mtu wa kujaza fomu. Na ile fomu ingeweza kujazwa na mashine siku hizi, tena haraka kuliko yeye. Mashine ingeangalia kama tarakimu zinalingana, na pengine zingelingana. Mtu ndiye aliuliza: hiyo dhahabu yenyewe iko wapi?

Wacha nimalize na ya nyumbani. Mwaka jana chama cha mathe kilivunjika. Wamama kumi na wanne, wamechanga miaka kadhaa. Pesa zikaonekana zimepungua. Mathe akaniletea daftari la mweka hazina, akasema, "Si unasoma hii mambo? Tuangalizie." Nilikaa nalo usiku mzima. Kila mchango ulikuwa umeandikwa vizuri, jina na tarehe. Lakini ni upande mmoja tu. Pesa zinaingia, zinaingia, zinaingia. Zilikoenda, hakuna. Ni mikopo ilitolewa ikasahaulika? Ni matibabu ya yule mwenzao aliyelazwa? Ni wizi? Sikuweza kusema.

Kilichoniuma si kwamba sikumpata mwizi. Ni kwamba kama yule mama ni msafi, sikuwa na njia ya kumsafisha. Alikuwa rafiki ya mathe tangu sijazaliwa. Sai wakikutana kwa stage kila mmoja anaangalia upande wake. Laini moja zaidi kwa kila ukurasa, ule upande wa pili, ingewaokoa wote wawili. Mimi nilidhani daftari zipo kushika wezi. Kumbe kazi yake nyingine ni kumlinda mtu mwaminifu siku atakaposhukiwa.

Jana nilimpigia binamu. Nilimwambia ukweli: kazi ya kuingiza namba inaenda, na ikienda sitalia, maana hata mimi inanichosha. Kama anataka hii kozi kwa sababu anapenda kupiga hesabu, afikirie tena, kompyuta itampita. Kama anaweza kuvumilia kuwa yule msee anayeuliza dhahabu iko wapi wakati kila mtu anataka kusaini aende nyumbani, basi aje, tuko.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo Munyakei, si alipoteza kazi?"

Nikamwambia ndiyo. Hiyo nayo ajue kabla ya kujaza fomu.