Miaka 21 Nje ya Mlango: Wacheza Kriketi wa Afrika ya Kusini Wazuru Uhindi

Wazee wa Lubumbashi wanaikumbuka vema miaka ya 1967 na 1968, timu yao ya Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, ilipotwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka wa kwanza fainali ilikuwa na Asante Kotoko ya Ghana, mwaka wa pili na Étoile Filante ya Togo. Lakini katika kombe lile haikuonekana hata timu moja ya Johannesburg wala ya Cape Town. Na kumbe reli ya kutoka kusini ilifika mji wetu tangu mwaka 1910! Watu wa Togo walio mbali walicheza nasi, na jirani tuliyeunganishwa naye kwa njia ya chuma hakucheza. Sababu yake? Jirani huyo alikuwa amefungiwa mlango, kwa kuwa serikali yake iliwatenga watu kwa rangi ya ngozi.

Wasomaji wapenzi, habari ya mlango huo yafaa kujulikana: nani aliufunga, nani aliumia, na ulifunguliwa kwa ufunguo gani. Tuitazame katika mchezo mmoja tu, yaani kriketi, maana humo mambo yote yaonekana wazi.

MCHEZO WENYEWE

Sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji tulizoea mpira wa miguu, na kriketi hatukuijua. Ni mchezo wa Waingereza, nao waliupeleka karibu kila walikotawala: Uhindi, Australia, visiwa vya Karibi, Kenya, na Afrika ya Kusini. Kila upande una watu 11. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, na mpinzani wake huvilinda vijiti hivyo kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana mahali, na kila mbio moja huhesabiwa alama moja. Mashindano makubwa ya mataifa huchukua siku tano. Yale mafupi huisha kwa siku moja.

Afrika ya Kusini ilianza kushindana na mataifa mwaka 1889. Tangu hapo hata mwaka 1970 ilicheza na nchi tatu tu: Uingereza, Australia na New Zealand. Haikukubali hata mara moja kucheza na Uhindi, wala Pakistan, wala visiwa vya Karibi, ambako wachezaji hawakuwa wazungu. Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Waafrika, Wahindi na machotara waliupenda mchezo huu sana, wakawa na vyama vyao na viwanja vyao vibovu, lakini hawakuruhusiwa kuvaa nguo za timu ya taifa. Desturi hiyo ilikuwapo tangu zamani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1948 serikali mpya ikaufanya utengano kuwa sheria katika kila jambo la maisha.

Basi tukumbuke jambo hili kabla ya kuendelea: watu wa kwanza kufungiwa mlango wa kriketi hawakuwa wazungu wa Afrika ya Kusini. Walikuwa wananchi wenzao.

MTOTO WA CAPE TOWN

Mmoja wa hao waliofungiwa ni Basil D'Oliveira, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1931, naye kwa sheria za nchi yake aliitwa chotara. Kipawa chake kilikuwa kikubwa, lakini njia haikuwapo. Mwaka 1956 timu ya Wahindi wa Kenya ilisafiri hata Afrika ya Kusini kucheza na timu ya wasio wazungu, na D'Oliveira ndiye aliyekuwa kapteni wa wenyeji. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakalipa ugeni ule: walizuru Afrika ya Mashariki. Ndiyo kusema, Afrika ya Mashariki iliwapokea kama timu ya heshima watu ambao nchi yao wenyewe haikutaka kuwaona uwanjani.

Mwaka 1960 D'Oliveira alihamia Uingereza, na mwaka 1966 akachaguliwa kuichezea timu ya taifa hilo. Mwezi wa Agosti 1968, katika uwanja wa Oval mjini London, alipata mbio 158 mbele ya Australia. Timu ya Uingereza ilikuwa karibu kwenda Afrika ya Kusini. Kwanza wateuzi walimwacha, watu wakanung'unika sana. Kisha mchezaji mmoja akaumia, na D'Oliveira akaitwa kushika nafasi yake. Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, Bwana Vorster, akakataa kuipokea timu yenye mtu huyo. Waingereza wakafuta safari yao.

Mtu mmoja, mpole wa tabia, asiyepiga siasa, aliufunua ulimwengu macho. Hata waliokuwa wakisema kwamba michezo haina uhusiano na utawala waliona sasa ni nani aliyeingiza utawala katika michezo.

MLANGO WAFUNGWA

Mwanzoni mwa mwaka 1970 wazungu wa Afrika ya Kusini waliishinda Australia mara nne kwa nne. Graeme Pollock alipata mbio 274 katika mchezo mmoja mjini Durban. Wengi walisema hakuna timu bora kuliko hiyo duniani. Lakini mwaka huo huo walipotaka kwenda Uingereza, wananchi wengi wa huko waliandamana, na nchi za Afrika na Asia zikasema hazitakuja Edinburgh kwa michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwezi wa Mei safari ikafutwa. Mwaka 1971 safari ya Australia ikafutwa pia. Hapo mlango ukafungwa kabisa, nao ukakaa hivyo hata mwaka 1991.

Waswahili husema: ukisusa, wenzio wala. Maneno haya yalitumiwa sana kuwacheka waliosusa. Na ni kweli kwamba kususa kuliwagharimu wasusaji wenyewe. Mwaka 1974 Uhindi ilifika fainali ya kombe la Davis la tenisi, na mpinzani wake alikuwa Afrika ya Kusini. Uhindi ikakataa kucheza, ikaacha kombe liende. Mwaka 1976 nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zilisusa michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 tangu mwaka 1974, hakukimbia. John Akii-Bua wa Uganda, aliyepata nishani ya dhahabu mwaka 1972, hakuweza kuitetea. Nguvu za mkimbiaji ni za miaka michache. Nafasi ya namna hiyo ikipita, hairudi.

Wengine walikubali kula. Wakubwa wa kriketi ya wazungu waliwalipa wachezaji wa ng'ambo fedha nyingi waje kwa siri au kwa ukaidi: Waingereza mwaka 1982, kisha watu wa Sri Lanka, mwaka 1983 watu wa visiwa vya Karibi, baadaye Waaustralia. Wale wa Karibi walipigwa marufuku ya maisha na chama chao, ingawa baadaye iliondolewa. Safari ya mwisho ya namna hiyo, ya Waingereza chini ya Mike Gatting mwaka 1990, ilikutana na maandamano makubwa ya wananchi weusi, ikakatizwa kabla ya wakati wake. Fedha ziliweza kununua wachezaji; hazikuweza kununua amani ya uwanja.

Nao wachezaji wa kizungu? Walipata hasara, tusikane. Barry Richards, mpigaji hodari sana, alicheza mashindano makubwa manne tu maishani mwake. Clive Rice alichaguliwa mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 22, na safari ikafutwa kabla hajapanda ndege. Magazeti mengi yaliwahurumia. Huruma hiyo si mbaya. Lakini majina ya vijana weusi waliokuwa na kipawa kama cha Richards, wakazeeka bila kuvaa viatu vya mchezo, hayakuandikwa katika gazeti lolote.

KUPATANA NYUMBANI

Tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani. Wengi hudhani kwamba mlango wa kriketi ulifunguka wenyewe siku ile. Sivyo. Afrika ya Kusini ilikuwa na vyama viwili vya kriketi, kimoja chenye fedha na viwanja, kingine cha wale waliotengwa. Hassan Howa, kiongozi mmoja wa upande wa pili, alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba mchezo hauwezi kuwa wa kawaida katika nchi ambayo maisha yake si ya kawaida. Basi vyama viwili vilipaswa kuketi pamoja, kuambiana ukweli na kugawana meza moja. Steve Tshwete wa chama cha ANC, aliyefungwa miaka mingi katika kisiwa cha Robben, aliwasaidia kupatana. Upande wa wazungu alikuwako Ali Bacher, kapteni wa timu ile ya mwaka 1970. Tarehe 29 Juni 1991 vyama viwili vikawa kimoja.

Tazama mpango wa tarehe. Baada ya siku 11 tu, tarehe 10 Julai 1991, baraza la kriketi la mataifa lilikutana London, likaipokea tena Afrika ya Kusini. Na nchi iliyotoa shauri hilo ilikuwa Uhindi! Uhindi ndiyo iliyokuwa ya kwanza ulimwenguni kukata biashara na Afrika ya Kusini, mwaka 1946, kwa uchungu wa Wahindi waliodharauliwa kule, ambako Bwana Gandhi mwenyewe alikuwa ameishi na kupigania haki zao. Aliyetangulia kufunga ndiye aliyetangulia kufungua.

SIKU YA CALCUTTA

Mwezi wa Novemba 1991 Pakistan ilitazamiwa kuizuru Uhindi, lakini kwa uhasama wa nchi hizo mbili safari hiyo haikufanyika. Afrika ya Kusini ikaalikwa haraka kucheza michezo mitatu ya siku moja moja. Ndege ilipotua Calcutta, maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara kutoka kiwanja cha ndege hata mjini, wakipunga mikono na kurusha maua. Wageni walimwamkia pia Mama Teresa, mtumishi wa maskini wa mji ule.

Tarehe 10 Novemba, katika uwanja wa Eden Gardens, watu wapata 90,000 walikuja kutazama. Kapteni wa wageni alikuwa yule yule Clive Rice, sasa mtu wa miaka 42, akiichezea nchi yake kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba amefahamu alivyojisikia Neil Armstrong aliposimama mwezini. Wageni walipata mbio 177. Kijana wao Allan Donald akarusha mpira kwa nguvu za ajabu, akawatoa Wahindi watano. Lakini Sachin Tendulkar, mwenye miaka 18, alipata mbio 62, na Uhindi ikashinda. Siku ya pili, mjini Gwalior, Uhindi ilishinda tena. Ya tatu, mjini Delhi, wageni wakashinda kwa urahisi. Uhindi mbili, Afrika ya Kusini moja. Hakuna aliyesikitika sana kwa hesabu hiyo.

Hata hivyo tusifiche neno moja. Wachezaji wote waliowakilisha nchi ile mpya pale Calcutta walikuwa wazungu. Vijana wachache walifuatana nao ili wajifunze, na kati yao walikuwamo wasio wazungu, uwanjani hawakuingia. Kwa hiyo wako waliosema kwamba mlango ulifunguliwa mapema mno, na neno lao lilikuwa na uzito. Wengine walijibu kwamba mtu aliyeonjeshwa heshima ya wenzake hataki kuipoteza tena. Na kweli, mwezi wa Machi 1992, timu ilipokuwa katika kombe la dunia kule Australia na New Zealand, wazungu wa Afrika ya Kusini walipiga kura, na karibu 69 katika kila 100 walikubali kuuacha utengano. Hofu ya kurudi nje ya mlango ilikuwa sababu mojawapo.

MATUNDA YALIKAWIA

Omar Henry, chotara wa kwanza katika timu hiyo tangu mlango ulipofunguliwa, aliingia mwaka 1992, akiwa amekwisha kupita miaka 40. Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza katika mashindano makubwa, alingoja hata mwaka 1998. Mwaka 2012 Hashim Amla, mjukuu wa wahamiaji wa Kihindi, alipata mbio 311 bila kutolewa, katika uwanja ule ule wa Oval ambako D'Oliveira alipata 158. Na mwezi wa Juni 2025 Afrika ya Kusini iliishinda Australia mjini London, ikawa bingwa wa dunia wa mashindano ya siku tano, na kapteni wake alikuwa Temba Bavuma, mtoto wa Langa, mtaa wa weusi wa Cape Town. Hesabu basi: tangu Calcutta hata siku hiyo ni karibu miaka 34, mingi kuliko miaka yote ya kufungiwa.

Kwetu Kongo jambo hili si hadithi ya mbali. Mwaka 2025, kwa sababu ya vita vya mashariki, serikali yetu iliviandikia vilabu vikubwa vya Ulaya, Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain, ivitake viache kutangaza jina la Rwanda. Watu walibishana: wengine walisema mpira ni mpira, wengine walisema damu ni damu. Mwenye kutaka kuitumia silaha hiyo ajifunze kwa habari ya Afrika ya Kusini. Silaha hiyo ina nguvu, lakini ni ya polepole, na humchoma kidogo hata yeye aishikaye, kama ilivyomchoma Bayi. Tena yahitaji sharti lililo wazi tangu mwanzo, ili aliyefungiwa ajue afanye nini apate kufunguliwa. Wacheza kriketi wa Afrika ya Kusini walilijua sharti lao kwa miaka 21: mkapatane kwanza na ndugu zenu wa nyumbani. Walipolitimiza, hawakuhitaji kuubomoa mlango.